McMurdo, Ncha ya Kusini au Ny-Ålesund: ukipata kazi ya barafuni, uchague wapi?

Nyuma ya kila mwanasayansi anayepima barafu Antaktika kuna fundi anayelinda jenereta, mpishi aliyeamka kabla ya wenzake, fundi bomba, dereva wa mitambo na mtu wa stoo. Kazi hizo Mombasa tunazijua. Tuna makanika waliokulia kwenye injini za meli pale Kilindini, wapishi waliozipikia hoteli za Nyali na Diani msimu baada ya msimu, vijana waliopita Bandari Maritime Academy, na ndugu zetu waliohamia Marekani na Ulaya ambao karatasi zao za kazi ziko sawa. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na mwanafunzi wa sayansi aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba kuna mradi wa kaskazini na hajui ajibu nini.

Wengi huanza kwa kuuliza baridi ni kali kiasi gani. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye joto la Pwani swali hilo ni la haki, ila mimi nisingeliweka la kwanza. Baridi ina nguo zake, na nguo hizo unapewa: wanaokwenda McMurdo, kituo cha Antaktika, huvalishwa Christchurch, New Zealand, kuanzia buti mpaka lile koti kubwa jekundu, kabla hawajapanda ndege. Ukiingia ndani, nyumba zina joto. Kinachompima mtu ni jinsi siku inavyokwenda, na zaidi ya hapo ni mlango wa kutokea: kukitokea jambo nyumbani, utaweza kuondoka au hutaweza?

Basi nalinganisha vituo vitatu kwa mambo matano: mwanga na hewa; kazi na faragha; maji, chakula na ibada; mawasiliano; na njia ya kutoka. Mshahara nimeuacha, kwa kuwa kila mkataba na kila cheo kina wake.

Vituo vyenyewe

McMurdo iko kwenye kisiwa cha Ross, pembeni mwa Antaktika, chini ya mlima Erebus ambao ni volkano hai. Ni kituo cha Marekani na ndicho kikubwa kuliko vyote barani humo. Kiangazi cha huko, yaani Oktoba hadi Februari, watu hufika kama 1,000. Majira ya baridi hubaki sehemu ndogo tu. Kuna gati, viwanja vya ndege juu ya barafu, makontena, matangi ya mafuta na karakana.

Amundsen-Scott nacho ni cha Marekani, na kimejengwa pale pale kwenye Ncha ya Kusini, mahali alipofika Roald Amundsen Desemba 1911 na Robert Scott Januari 1912. Jengo limesimama juu ya nguzo ili upepo upite chini na theluji isilifunike. Kiangazi huwa na watu kama 150, na majira ya baridi kama 40. Hapa nazungumzia hasa kukaa majira ya baridi, kwa sababu huko ndiko kwenye tofauti kubwa.

Ny-Ålesund iko upande wa pili wa dunia, Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini kabisa. Zamani palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1962 mlipuko uliua wachimbaji 21, na mgodi ukafungwa. Leo ni kijiji cha utafiti kinachosimamiwa na kampuni ya Kings Bay, mali ya serikali ya Norwei, na nchi kadhaa zina vituo vyao pale: India, China, Ufaransa, Ujerumani, Korea Kusini na nyinginezo. Majira ya baridi hubaki watu 30 au 40 hivi. Kiangazi huzidi 100.

Mwanga na hewa

Sisi jua letu halituchezei. Mwaka mzima huchomoza na kuzama karibu saa zile zile, na shughuli zetu zote zimefungwa humo. Katika vituo hivi utaratibu huo haupo, na mwili huanza kuutafuta.

McMurdo jua halizami kabisa kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi karibu tarehe 20 Februari. Joto la kiangazi huzunguka sifuri, siku nyingine likapanda kidogo, na theluji ikayeyuka njia zikawa tope jeusi la volkano. Usingizi ndio hupata taabu. Mapazia mazito ni ya lazima. Anayebaki majira ya baridi hukaa bila jua toka mwishoni mwa Aprili hadi Agosti.

Ncha ya Kusini jua huzama mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, na kuchomoza mara moja, mwezi Septemba. Katikati ni usiku, na wastani wa baridi yake ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri; tarehe 23 Juni 1982 kipimo kilishuka hadi nyuzi 82.8 chini ya sifuri. Madirisha ya jengo huzibwa ili taa za ndani zisiharibu kazi ya darubini na kamera zilizo nje, kwa hiyo hata hilo giza unaishi nalo bila kuliona. Na kuna jambo ambalo mtu wa Pwani asipoambiwa litamshtua: kituo kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya ncha ni nyepesi, mwili huhisi uko juu zaidi ya hapo. Siku za mwanzo tarajia kichwa kuuma, usingizi wa kukatika na kuhema kwa kupanda ngazi tu. Hewa ni kavu kupita kiasi, ngozi hupasuka na pua hutoka damu. Mafuta ya nazi yanasaidia, ila usishangae yakiganda kwenye chupa kama samli, maana chini ya nyuzi 24 hivi hayabaki maji maji.

Ny-Ålesund ni nafuu kuliko zote mbili. Mkondo wa bahari wenye joto hupanda na pwani ya magharibi ya Svalbard, kwa hiyo wastani wa majira ya baridi ni nyuzi 12 hadi 14 hivi chini ya sifuri, na mara nyingine hunyesha mvua badala ya theluji. Kituo kiko ufukweni, kwa hiyo kuhema hakuna. Giza ni refu, toka mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, kisha toka Aprili hadi Agosti jua halizami.

Kazi na faragha

McMurdo na Ncha ya Kusini kazi ni saa 9 hivi kwa siku, siku 6 kwa wiki. McMurdo wengi hulala wawili chumba kimoja, na kiangazi watu ni wengi kiasi kwamba usiyemtaka unaweza kumkwepa wiki nzima. Ncha ya Kusini ukibaki baridi unapata chumba chako, kidogo lakini chako, ila watu ni wale wale 40 kila mlo, kila jioni, toka Februari mpaka Novemba. Usafi wa jengo ni wa zamu na kila mtu hushika deki. Kila mtu pia huingizwa kwenye kikosi cha dharura, cha moto au cha matibabu, kwa kuwa moto ndio adui mkubwa: hewa kavu, maji haba, na nyumba ikiungua hakuna jirani wa kukimbilia.

Makanika wa jenereta atapapenda Ncha ya Kusini kwa sababu moja. Joto linalotoka kwenye jenereta ndilo linaloyeyusha barafu chini ya ardhi kuwa kisima cha maji ya kunywa. Mtambo mmoja unatoa umeme, joto na maji, na ukisimama vyote vimesimama. Sijui wapi pengine kazi ya fundi inaheshimiwa namna hiyo.

Ny-Ålesund ratiba iko karibu zaidi na maisha ya kawaida ya ofisi na karakana, na milo huliwa pamoja katika bwalo moja. Ukiingia ndani unavua viatu mlangoni, desturi ya Svalbard iliyoachwa na wachimba makaa, na mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa. Ukitaka kutembea nje ya kijiji unabeba bunduki au unafuatana na mwenye bunduki, kwa sababu ya dubu weupe. Milango ya nyumba huachwa bila kufungwa kwa ufunguo ili mtu akikutana na dubu apate pa kujitupa.

Dada zangu, jambo hili lisomeni kwa makini. Mwaka 2022 National Science Foundation, shirika la Marekani linalosimamia McMurdo na Ncha ya Kusini, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba unyanyasaji wa kijinsia katika mpango wake wa Antaktika ni tatizo kubwa. Hatua zimechukuliwa tangu hapo. Popote unapokwenda, kituo chochote kati ya hivi, uliza kabla ya kusaini: malalamiko yanapelekwa kwa nani, na huyo mtu ni mwajiri wako au ni mwingine?

Maji, chakula na ibada

Ncha ya Kusini kuoga ni mara mbili kwa wiki, dakika mbili za maji kila mara. Aliyezoea kuoga kwa kopo Mombasa wakati mifereji imekauka hatapata taabu. McMurdo maji hutolewa baharini na kuchujwa chumvi, hivyo kuna nafasi zaidi ingawa bado unahimizwa kubana. Ny-Ålesund unafungua mfereji kama kawaida.

Chakula McMurdo kiangazi ni kingi, na ndege zikija huleta matunda na mboga mbichi. Ncha ya Kusini ndege ya mwisho ikiondoka Februari, kinachobaki ni vilivyogandishwa, vya makopo, na majani machache yanayooteshwa ndani kwa taa bila udongo: saladi, matango, nyanya, giligilani. Ny-Ålesund hupokea vitu kwa meli na kwa ndege ndogo kutoka Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, na samaki hawakosekani. Nyama ya halali usiitegemee mahali popote kati ya hapa mpaka uwe umeuliza na kujibiwa kwa maandishi. Majiko yao huandaa chakula cha wasiokula nyama, na wengi wetu watapitia mlango huo. Tui la kopo na bizari iliyosagwa vitaokoa jioni nyingi. Lakini New Zealand ni kali mno kwa vyakula na mbegu, na mkataba wa Antaktika unakataza kuingiza udongo na mimea ya kigeni. Tangaza kila kitu ulichobeba, hata kipakti cha iliki.

Ibada ndiyo niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa najua ndiyo itakayoulizwa na mama kabla hajakupa radhi. Pasipo machweo, magharibi ni lini? Hadithi ya siku itakayokuwa kama mwaka inaelekeza kukadiria nyakati, na juu ya msingi huo wanazuoni wamesema: fuata nyakati za mji wa karibu ambao usiku na mchana wake hutengana, au fuata za Makka. Chagua moja na shehe wako kabla ya safari, na uchapishe ratiba ya miezi yote. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na kusogea Januari. Antaktika hicho ni kipindi cha jua lisilozama au linaloanza tu kuzama. Svalbard ni kipindi cha giza au cha jua linaloanza tu kurudi. Siku nyingi saumu itakuwa ya kukadiria.

Kibla cha Ncha ya Kusini kina habari nzuri kwetu. Pale kila upande ni kaskazini, kwa hiyo unafuata mstari wa longitudo ya Makka, kama nyuzi 39.8 mashariki. Mombasa iko kwenye nyuzi 39.7. Anayeswali pale ameielekea Makka, na Mombasa iko njiani. Kuupata mstari huo si kazi: kituo hutumia upande wa Greenwich kama kaskazini ya ramani yake, nawe unageuka nyuzi 40 kuliani. McMurdo kibla ni kusini-magharibi. Ny-Ålesund ni kusini ukielekea mashariki kidogo.

Kwa Wakristo, McMurdo ina kanisa lake dogo, Chapel of the Snows. Ukiwa Ny-Ålesund, kanisa la kudumu liko Longyearbyen.

Kuzungumza na nyumbani

McMurdo na Ncha ya Kusini hutumia saa za New Zealand. Kiangazi cha huko wako mbele yetu kwa saa 10: saa mbili usiku Mombasa, watoto wamemaliza kula, kule ni saa kumi na mbili asubuhi na unajiandaa kwenda kazini. Wakati huo ndio wa kupiga. McMurdo intaneti imekuwa bora tangu ilipoanza kujaribiwa huduma ya setilaiti ya Starlink mwaka 2022. Ncha ya Kusini setilaiti huonekana saa chache tu kwa siku, na saa hizo husogea, hivyo mazungumzo na familia hayana wakati maalumu. Miezi hii ni mchana, miezi mingine usiku wa manane.

Ny-Ålesund ina utaratibu wake wa ajabu. Intaneti ni ya kebo ya faiba na ina kasi, lakini mawimbi mengi ya redio yamepigwa marufuku, kwa kuwa kuna antena kubwa zinazosikiliza ishara dhaifu kutoka anga za mbali ili kupima dunia inavyozunguka. Hakuna Wi-Fi, hakuna Bluetooth, na simu hukaa katika hali ya ndege. Utampigia mama kwa kompyuta iliyochomekwa waya, umekaa mezani. Tofauti ya saa ni mbili tu, au moja kiangazi, na hilo peke yake ni raha kubwa kwa mwenye mke au mume na watoto.

Njia ya kutoka

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wangu wa kufikiri.

Kutoka McMurdo kwenda Christchurch kiangazi ni saa 5 kwa ndege kubwa ya jeshi, hali ya hewa ikiruhusu, na si ajabu ikakataa siku kadhaa. Mgonjwa huondolewa. Mwenye msiba anaweza kuondoka pia, ingawa maziko atayakosa, maana kwetu maiti haisubiri.

Ny-Ålesund kuna ndege ndogo ya dakika 25 hivi kwenda Longyearbyen, penye hospitali na ndege za kwenda Tromsø na Oslo. Dharura ni helikopta. Mambo yakienda sawa, ndani ya siku mbili tatu uko Moi.

Ncha ya Kusini majira ya baridi hakuna ndege toka katikati ya Februari hadi mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Mafuta ya ndege na grisi za mitambo hazistahimili baridi ile. Mwaka 1999 daktari wa kituo, Jerri Nielsen, aligundua uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Dawa zilidondoshwa kwa ndege gizani mwezi Julai, akajitibu kwa msaada wa wenzake ambao hawakuwa madaktari, na alichukuliwa Oktoba. Uokoaji wa katikati ya baridi umefanyika mara chache, kama mwaka 2016 wagonjwa wawili walipochukuliwa kwa ndege ndogo aina ya Twin Otter, na kila mara ulihatarisha maisha ya marubani. Kwa msiba wa nyumbani ndege haiji. Mzazi akifariki Juni, utasikia kwa simu, utaswali swala ya ghaibu ukiwa humo humo, na asubuhi utakwenda kazini. Ndiyo maana anayekaa baridi hupimwa afya, meno na pia akili kabla ya kukubaliwa.

Nani aende wapi

Kijana asiye na familia, fundi mzuri, anayependa utulivu na asiyehitaji sura mpya kila siku, Ncha ya Kusini itampa heshima ya kazi na kumbukumbu ambayo wachache duniani wanayo. Lakini kama mzazi wako ni mgonjwa sasa hivi, au ndoa ina mwaka mmoja, nakusihi usubiri. Mkataba utatangazwa tena.

Mwenye kutaka kuijaribu Antaktika bila kufungiwa, na anayependa watu, pilikapilika na chakula kingi, aende McMurdo kwa kiangazi kimoja. Miezi minne au mitano inatosha mtu kujijua, na wengi wanaokaa baridi Ncha ya Kusini walianzia hivyo. Mpishi wa hoteli atajikuta nyumbani kwenye jiko la watu 1,000.

Mwenye familia changa, mwenye maradhi yanayodhibitiwa kwa dawa lakini yanahitaji hospitali karibu, na mwanafunzi au mtafiti, nawaelekeza Ny-Ålesund. Upweke upo, giza lipo, lakini mlango uko wazi. Mwanafunzi aanze kwa kuulizia taasisi zenye kituo pale. Anayetafuta kazi ya mikono kwa Kings Bay ajue kwamba Kinorwei kitamsaidia sana.

Karatasi nazo zinaamua mengi. Kazi nyingi za McMurdo na Ncha ya Kusini hutolewa na wakandarasi wa Marekani, na zinataka uraia wa huko au kibali cha kufanya kazi huko, kwa hiyo ni za ndugu zetu waliokwisha kuhamia. Svalbard, kwa mkataba wa mwaka 1920, haidai viza wala kibali cha kuishi kwa mtu wa nchi yoyote, mradi ajitegemee. Hata hivyo, mwenye pasipoti ya Kenya hawezi kufika bila kupitia Norwei bara, na huko viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inahitajika. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja: ukipanda ndege ya Longyearbyen umekwisha kutoka Schengen, na safari ya kurudi nyumbani itahesabiwa kuwa unaingia upya.